Mwambie Nesi Habari za Shingo

Mafiga, Morogoro

Mwanangu Salima,

Barua zetu zimezoea kuanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko nyumba ya pili unasukwa nywele za safari, na kicheko chako kinanifikia hapa nilipo. Na mimi si mzima wa afya, jambo ambalo unalijua tangu ulipoanza kutembea. Kwa hiyo tuyaruke hayo.

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikikaa na kuinamia karatasi shingo inanikaba kabla sijamaliza ukurasa. Ukiona mwandiko umepinda, ujue hapo nilihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba ya mpira. Analifunga, analitazama, analifungua. Mwache, ndivyo anavyoaga.

Sitakuandikia habari za kupika wala za kuishi na majirani. Kupika umeshanipita, na majirani wa Tabora utawajua mwenyewe wakishakuazima chumvi. Nataka kukueleza ulivyozaliwa. Unajua mwanzo, kwamba nilianguka mlimani, na unajua mwisho, kwamba ulichelewa kulia. Ya katikati sikuwahi kukusimulia yakakaa sawa. Sasa una mimba ya miezi sita, na kesho alfajiri wewe na mumeo Idrisa mnapanda basi pale Msamvu. Ni lazima uyajue.

Nilianguka nikiwa msichana, kabla sijaolewa. Ruksa ya biashara ilikuwa mpya. Miaka ya nyuma yake, mtu mwenye mzigo wa biashara aliulizwa maswali kwenye kila kizuizi, na neno mlanguzi lilikuwa karibu mdomoni mwa kila askari. Mara malori ya Dar yakaanza kupanda mpaka barabara ilipokomea chini ya kijiji chetu cha Kinole, yanataka ndizi, yanataka machungwa, yanataka mananasi. Lakini mwenye lori hakuwa na subira. Akishajaza anageuza, na aliyebaki na tenga lake kichwani atajua pa kulipeleka. Sisi wasichana tukaacha kushuka mlima kwa mwendo wa mama zetu, tukawa tunakimbia. Tukaacha pia kutwika tenga la kawaida. Tulipanga mananasi hadi yakapita ukingo, tukayafunga kwa kanga yasimwagike. Bibi yako aliniambia, "Mlima haukimbiliwi, mwanangu. Na hicho ni kichwa, si lori." Nikamjibu kwamba yeye amezoea umaskini. Ndiyo, nilimjibu hivyo mama yangu mzazi, na hakunipiga.

Ilikuwa imenyesha. Nikateleza, na kuteleza si kosa, kila mtu wa Kinole huteleza. Kosa langu ni kwamba nililishika tenga. Mtu akiteleza na mzigo hulitupa tenga pembeni akaokoa shingo, hata mtoto mdogo kule kwetu anafundishwa hivyo. Mimi nililing'ang'ania kwa mikono miwili kwa sababu lori nililiona pale chini, linanguruma. Nikaenda chini kwa makalio, na uzito wote wa tenga ukaniingia shingoni ukashuka hadi kiunoni. Nikainuka, nikaokota yaliyosalia mazima, nikayauza. Jioni ile nikajinunulia sketi ya mitumba niliyokuwa nimeitamani sana, na nilipojaribu kuivaa sikuweza kuinama.

Bibi yako alinikanda kwa maji ya moto hadi akachoka. Zahanati nilipewa vidonge vya maumivu. Baada ya miezi kadhaa ilitulia, ila haikupona. Nikajifunza kuishi nayo: kugeuka na mabega yote, kuokota kitu kwa kupiga magoti, kulala chini kwenye mkeka palipo pagumu. Watu waliniona ninatembea wima wakasema binti ana maringo. Nikaona maringo ni sifa bora kuliko ugonjwa, nikanyamaza.

Basi baba yako akaja kuposa. Alikuwa kijana wa kiwandani, na kijana wa kiwandani wakati ule alikuwa mtu. Bibi yako alitaka aambiwe tangu mwanzo. Nikamsihi asiseme. Niliogopa wataniita mke wa kuuguza. Akanisikiliza, nikaolewa, nikashuka mjini, nikaanza maisha katika chumba cha kupanga hapahapa Mafiga. Mwaka haukuisha nikapata mimba yako.

Wewe umekulia mjini, ukwe umeuona nusu yake tu. Siku hizi namuona mtu anapiga picha amemkumbatia mama mkwe wake, na dunia haianguki. Kwa bibi yako haikuwa hivyo. Mama wa Kiluguru hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Hali mbele yake, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani anapisha huku amejitanda kanga. Baba yako akiingia kwa mlango wa mbele, bibi yako alikuwa ameshatokea wa nyuma, hata kama ugali uko mkononi. Ilikuwa ni heshima, na wote wawili waliipenda. Mimi pia niliipenda.

Mimba ilipokuwa kubwa bibi yako alikuja kunitazama, akaniona ninavyoinuka kwa kushika ukuta. Akaogopa. Akataka mume wangu ajue kwamba mke wake ana mgongo ulioumia, asibebe maji, na manesi waambiwe mapema kabla ya siku yenyewe. Lakini angemwambiaje? Akamwambia kaka yake, mjomba wangu. Mjomba naye ni mwanamume, akaona haya kutaja kiuno cha mpwa wake mbele ya mume wake. Akamwambia mshenga kwamba binti ana udhaifu wa mwili, aangaliwe. Mshenga, mtu wa maneno matamu, akamwendea baba yako akamwambia, "Wakweo wanasema mwenzio apumzike vizuri." Habari iliyotoka Kinole ikiwa mgongo uliovunjika, ilifika Mafiga ikiwa usingizi.

Baba yako akafanya kile alichosikia. Akaninunulia godoro. Madukani ndiyo yalikuwa yameanza kujaa vitu, na godoro la sponji nene, lenye maua mekundu, lilikuwa jambo la kuitana majirani. Alilibeba kichwani kutoka mjini kwa miguu, watu wanamtazama, naye anatabasamu. Salima, sijapata kulala mahali pabaya zaidi ya pale. Nilizama, kiuno kikazama zaidi, shingo ikabaki juu. Lakini ningemwambiaje mtu aliyetembea vile na zawadi yangu kichwani? Nikasema, "Ahsante, mume wangu, ni laini." Wiki ambazo alikuwa zamu ya usiku nililala sakafuni kwa raha. Wiki za zamu ya mchana nilivumilia, na mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi.

Kliniki nilikwenda, sikukosa. Nesi aliniuliza kama nina tatizo lolote la mwili, kama nimewahi kuumia. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kando yangu. Nikasema, "Sina." Nesi akaandika akanipa kadi yangu. Neno lenyewe ni dogo na lilitoka bila shida. Tulikuwa na methali tunaitumia kila siku, mficha uchi hazai, na mimi nimewahi kuwaambia wenzangu methali hiyo mara nyingi, wakiwa ni wao wanaoficha.

Siku ya kukuzaa uchungu ulinianzia mgongoni. Watu wote wenye tumbo la uzazi walikuwa wamenieleza uchungu wa tumbo. Huu ulikuja palepale pa siku zote, chini ya kiuno, ukapanda, ukatulia, ukarudi. Nikasema ni mgongo wangu tu, umechokozwa na godoro. Nikatandika mkeka, nikaweka chupa ya maji ya moto kiunoni, nikalala asubuhi nzima ninauvumilia uchungu wa mtoto nikidhani ni uchungu wa mananasi. Jirani yetu Mama Zakia, huyohuyo anayekusuka sasa, aliingia kuazima kiberiti akanikuta nimeuma upindo wa kanga.

"Una nini wewe?"

"Mgongo."

"Mgongo gani unaokuja na kuondoka? Inuka, huo ni uchungu."

Nikabishana naye. Nilimwambia mgongo wangu naujua mimi. Tukiwa katika kubishana chupa ikapasuka, na simaanishi ile ya maji ya moto. Mama Zakia akatoka mbio kutafuta gari.

Nilipofikishwa hospitali nilikuwa nimechelewa na nimechoka. Wakanilaza chali kwenye kitanda cha kujifungulia. Nikilala chali juu ya kitu kigumu chenye mwinamo, kiuno changu hujifunga, na mguu wa kushoto unakuwa si wangu. Nesi akaniambia, "Kidevu kifuani, mama, sukuma." Kidevu changu hakijafika kifuani tangu siku ya lile lori, hata leo hakifiki. Nikajaribu, shingo ikanikata, nikakinyanyua. Akasema tena. Nikajaribu tena. Kila nilipoacha kusukuma kwa sababu ya shingo, wewe ulirudi ulikotoka. Nesi akaniona mkaidi. "Unambana mtoto wewe. Unataka kumuua?" Sikumchukia hata siku moja. Alikuwa peke yake, vitanda vimejaa, na kwa kadi yangu mimi nilikuwa mwanamke mzima asiye na tatizo lolote anayegoma kuzaa.

Hata hapo sikusema. Hiki ndicho kitu ambacho bado sikielewi vizuri. Mama mkwe hayupo, mume hayupo, ninakufa na mtoto wangu, na bado ninaona aibu. Nilikwisha kuficha muda mrefu hadi kusema kukawa kama kukiri wizi. Nilisema pale nesi aliposikiliza tumbo kwa kile chombo chake cha pembe, akasikiliza tena, na uso wake ukabadilika. Nikaelewa kwamba moyo wako unachoka. Nikasema yote kwa mkupuo: niliumia shingo, niliumia mgongo, siwezi chali, mguu siusikii.

Akanitazama. Akasema, "Ungesema," basi. Akaita mwenzake, wakanigeuza kwa ubavu wa kulia, mmoja akaushika ule mguu wangu uliokufa akauinua, akaniambia nitazame ukutani na kidevu nikiache kilipo. Nikapata nguvu ambazo sikujua zilikuwa wapi. Ulitoka wa rangi ya zambarau, kimya. Wakakusugua, wakakuvuta ute puani kwa mpira, wakakupiga nyayo. Mimi sikuweza kugeuza shingo nikuone. Nilitazama ukuta uliobanduka rangi, nikisubiri sauti. Ulipolia, ulilia kidogo kama mtu aliyesumbuliwa usingizini. Nami nililia kwa ajili yetu sote wawili.

Baba yako alikuja na nguo za kiwandani. Nesi akamweleza mambo ya mgongo wangu mbele yangu, waziwazi, bila mjomba wala mshenga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja.

"Kwa hiyo lile godoro?"

"Sikulipenda tangu siku ya kwanza."

"Si ungeniambia nilale mimi?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda akacheka, halafu akaacha kucheka akafuta macho kwa mkono wa ovaroli. Hakunilaumu siku ile wala baadaye. Nilikuwa nimemficha mtu mwema, na hilo lilinichoma kuliko angekuwa mkali.

Mguu ulikaa miezi kabla haujarudi, na haukurudi wote. Bibi yako alitupeleka Kinole tukakae arobaini, tukakaa zaidi sana. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni, anapanda na kushuka nawe shambani, na mimi nakungoja nimelala ili nikunyonyeshe. Nilikuonea wivu, au nilimwonea yeye wivu, sijui. Ulikuwa ukimwona unanyoosha mikono. Ukiniona mimi unafungua kinywa. Siku moja nilijifunga mbeleko nikakuweka mgongoni, watu wote wako shambani, nikatembea nawe kuzunguka nyumba, nikalipia kwa wiki nzima ya kulala. Sijutii. Ulikuwa mzito na ulinuka maziwa.

Watu wamekuambia kwamba Mungu hakunijalia mwingine. Si kweli, nami niliwaacha waseme. Daktari wa mifupa aliniambia pingili za shingo yangu zimesagika, ila naweza kuzaa tena nikiangaliwa tangu mwanzo. Baba yako alikuwa tayari. Mimi ndiye niliyeogopa. Kuwa kwako peke yako kumetokana na woga wangu, na kama uliwahi kunung'unika huna wa kucheza naye, ulikuwa na haki.

Sasa nifike kwenye ndoo. Mimi siwezi kutwika kitu, na bomba lilikuwa mbali. Kiwanda kilipouzwa na baba yako akarudishwa nyumbani, alikuwa anashinda mjini akitafuta vibarua. Maji ulichota wewe. Ulianza na kidumu cha mafuta ya kula, ukaenda kwenye ndoo ndogo, ukafika kwenye ndoo kubwa kabla kimo chako hakijakuruhusu. Nilikuwa nasimama mlangoni nikikuona unakuja, shingo imezama mabegani, maji yanakumwagikia usoni, nawe unaimba. Nilijua ninachokifanya. Hakuna mtu Mafiga nzima aliyejua kuliko mimi kitu gani kinapata shingo ya mtoto chini ya mzigo. Na maji yalihitajika, nikakuacha ukayachota.

Tangu ujauzito huu nimekuona. Unapofunga kilemba unakunja uso. Ukiitwa kutoka nyuma unageuka na mabega yote. Unafikiri mimi nitaacha kuijua namna hiyo ya kugeuka? Niliibuni mimi. Nikangoja uniambie, hukuniambia. Wiki iliyopita nilikusindikiza kliniki, nikaketi kwenye benchi karibu na mlango, na nikamsikia nesi akikuuliza kama una tatizo lolote la mwili. Ukasema, "Sina." Kwa sauti yangu kabisa.

Sikulala vizuri siku zile. Niliamini unamficha mumeo, kama mimi nilivyofanya. Nikafikiri nimwambie kaka yangu amwambie Idrisa, nikakumbuka habari zinavyochakaa njiani. Basi leo asubuhi, wewe ulipotoka kwenda sokoni na baba yako, Idrisa alikuja kuleta tiketi. Akachuchumaa mbali kule penye mlango kama afanyavyo, macho chini. "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba, nami badala ya kuingia ndani nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, uso kwa uso. Maskini kijana wa watu, alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumwokoa. Nikamwambia, "Baba, nisamehe, nakuvunjia heshima. Lakini mke wako ana shingo mbovu na mgongo, na mimi ndiye ninayejua kinachofuata."

Kisha akasema, bado anatazama chini, "Mama, najua. Namkanda kila siku. Yeye ameniapisha nisikuambie wewe. Anasema ukijua, utajiuliza habari za ndoo."

Kumbe kliniki ulisema huna tatizo kwa sababu mimi nilikuwa kwenye benchi. Umebeba maumivu na umebeba mimba, na juu yake umenibeba na mimi nisijue.

Nishushe, Salima. Habari za ndoo nilijiuliza zamani, kila ulipoingia mlangoni umelowa, na jibu ninalo. Nilikukosea, na nilikuwa sina namna nyingine, na yote mawili ni kweli pamoja. Hukunikinga na kitu. Umejinyima wewe, na umemnyima mwanao, kitu ambacho nesi angeweza kukifanya mapema.

Mimba ya kwanza huletwa kwa mama, na ningetamani uzae hapa. Lakini kazi ya mumeo iko Tabora, na mimi hata beseni la maji ya kukuogesha sitaliinua. Kwa hiyo nenda. Kliniki ya kwanza utakayoingia huko, nesi akikuuliza, mimi sitakuwepo kwenye benchi. Mwambie. Mwonyeshe mguu unaokufa ganzi kama umeanza kufa ganzi, mwambie chali huwezi, aandike kwenye kadi.

Usiposema, atasema Idrisa. Nimemwapisha na mimi leo, palepale mlangoni. Kiapo chako kwake ni cha mke. Changu ni cha mama mkwe aliyemtazama usoni, na ulivyomwona leo mchana alivyoshindwa kumaliza chakula, unaweza kujua mwenyewe atakishika kipi.

Mama yako